Ekari Tisa na Nusu Kutoka Kwenye Jua

Nimefundisha darasa la sita kwa miaka mingi, na kila mwaka somo la sayari lilinishinda mahali palepale. Kitabu kina mchoro: jua upande wa kushoto, sayari zimejipanga kulia kwake kama shanga kwenye uzi, zinakaribia kugusana. Chini ya mchoro kuna tarakimu. Dunia iko kilomita milioni mia moja na hamsini kutoka kwenye jua. Watoto wanazikariri, wanazipata kwenye mtihani, nami nawawekea vema huku nikijua kwamba hakuna aliyeelewa, kuanzia mwalimu.

Jaribu mwenyewe. Kutoka Ifakara hadi Malinyi unajua ni umbali gani, kwa sababu mgongo wako unayakumbuka mashimo ya barabara. Milioni haina mashimo.

Kiangazi kimoja nilikuwa nyumbani napepeta mchele, wazo likanijia. Ukilifanya jua liwe ungo, Dunia inakuwa punje moja ya mchele. Nikapiga hesabu, nikairudia, maana sikuiamini: punje hiyo inapaswa kukaa kama hatua sabini kutoka kwenye ungo. Na hatua sabini kila mkulima wa bonde hili anazijua. Ni upande mmoja wa ekari. Ndivyo tunavyopimiana mashamba. Kutoka kwenye jua hadi kwetu, basi, ni ekari moja kwenda mbele. Mirihi, ekari moja na nusu. Mshtarii, tano na kidogo. Zohali, tisa na nusu.

Nikawatoa watoto nje. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na mashamba nyuma ya shule yalibaki mabua matupu na ng'ombe wachache wa Wasukuma wakijilia. Tukauegemeza ungo kwenye goli la uwanja wa shule, tukabeba vigingi vyenye majina ya sayari, tukaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Tulichanganyikiwa mapema. Wenye miguu mirefu walifika Mirihi wakati wafupi ndio kwanza wanatoka Duniani. Majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga, yana kingo, na wengine walihesabu kupanda ukingo kuwa hatua, wengine hawakuhesabu. Kufikia Mshtarii tulikuwa na Mshtarii mbili, zimeachana kwa upana wa nyumba. Nikasema tuchukue katikati, twende.

Zohali ikaangukia kwenye shamba la mama mmoja mjane.

Nilimfahamu; mjukuu wake nilimfundisha. Tangu mumewe afariki, mashemeji zake walitaka kuliuza lile shamba, naye alikuwa akililinda kwa kukaa: asubuhi anakuja na kigoda, jioni anaondoka nacho. Sasa akaona kundi zima linamjia moja kwa moja likihesabu hatua, na wa mbele kabeba kigingi. Akainuka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nani kawatuma?"

"Hakuna aliyetutuma, mama. Ni somo."

"Somo la kupima shamba langu?"

"Hatupimi shamba. Tunapima umbali wa Zohali kutoka kwenye jua."

Akakitazama kigingi. Kusoma alikuwa anajua. "Zohali. Huyu ndiye mnunuzi?"

Watoto wakacheka. Hapo ningeomba radhi na kuondoka, lakini mimi siwezi kumwacha mtu na swali. Nikamweleza kuhusu ungo, punje, ekari na sayari zinazolizunguka jua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana.

"Kutoka huyo Mshtarii wenu mpaka hapa ni ekari ngapi?"

"Kama nne, mama."

"Na katikati analima nani?"

"Hakuna. Ni patupu."

"Hata wa kuchunga?"

"Hata wa kuchunga."

"Na kupita hapa kwangu?"

"Patupu tena, kama ekari kumi. Ndipo ifike sayari nyingine."

"Mwalimu," akasema polepole, "ardhi yote hiyo haina mtu, na kigingi mmekuja kukichomeka kwangu."

 

Akataka kuuona huo ungo. Tukarudi naye, tukaking'oa kila kigingi mbele ya macho yake, tukabakisha cha Dunia tu. Punje tulikuwa tumeibandika juu yake kwa tonge la ugali. Akainama.

"Hii ndiyo sisi?"

"Ndiyo sisi, mama. Sote."

"Na mashemeji zangu humuhumu?"

"Humuhumu."

Nilitegemea aseme kile ambacho walimu hupenda kusikia, kwamba basi ugomvi wote ni bure. Akatikisa kichwa. "Padogo hivi. Ndiyo maana wanaling'ang'ania langu."

Akarudi kwenye kigoda chake, na kigingi cha Zohali kwapani.

Asubuhi iliyofuata shemeji yake mkubwa alikuja shuleni na pikipiki. Alinisalimia kwa heshima zote, kisha akaniuliza shamba la marehemu kaka yake limetoka ekari ngapi. Alikuwa na mteja anasubiri. Kipimo cha mwalimu, alisema, hakuna atakayekibishia kule ofisi ya kijiji.

Nikaelewa kwamba namba moja tu kutoka kinywani mwangu ingetosha kumwinua yule mama kwenye kigoda chake.

"Nilipima, ndugu yangu," nikasema. "Keti nikueleze."

Nikaanza na ungo, niliokuwa nimeutundika ukutani. Sikumdanganya hata kwa neno moja. Kila alipotaka ekari nilimpa ekari: moja mpaka kwetu, tano na kidogo mpaka Mshtarii, thelathini mpaka Neptuni.

"Thelathini za nani?"

"Hazina mwenyewe."

"Na shamba letu liko wapi hapo?"

"Ndani ya punje ya mchele."

Kengele ya mapumziko ilipolia alikuwa amesimama, kofia ya pikipiki mkononi, akiutazama ungo ukutani. "Kwa hiyo mwalimu hukupima?"

"Nilipima."

Akaondoka taratibu, na kwangu hakurudi.

Sijui alielewa nini. Ninachojua ni kwamba mvua zilipoanza, mama yule alipanda mpunga wake. Kile kigingi anafungia mbuzi. Amekisogeza kidogo kuelekea shuleni. Nilitaka kumwambia kwamba hapo sipo mahali pake, kisha nikakumbuka kwamba hata Zohali yenyewe mara hulikaribia jua kidogo, mara hujitenga nalo. Nikamsalimia, nikapita.