Mpalizi na Mtetemeko wa Nyongesa
Mama yule, mpalizi katika shamba la mzungu karibu na Moiben, alikuwa na viganja vilivyopasuka kwa jembe, na kabla ya kumtibu mgonjwa kwa mchezo aligonga ardhi kwa kisigino kama anayebisha hodi. Jumapili hiyo Rosebella alimletea mumewe Nyongesa, aliyerudi kutoka vita vya Burma bila kauli, mikono ikimtetemeka asiweze kukamua ng'ombe. Daktari wa kizungu alikuwa ameandika neno moja tu, "mvivu", na kwa neno hilo familia nzima ingefukuzwa pale shambani Jumatatu. Ngoma zilikatazwa huko, kwa hiyo mpalizi alipiga makofi. Hakumwambia Nyongesa atulie, kama walivyomwambia wote. Aliutazama mtetemeko ule kwa heshima, akauiga viganjani, akaupandisha taratibu mpaka ukawa kamabeka, mchezo wa mabega wa kwao Bungoma.

"Askari, nifuate basi! Ama bunduki ilikula mabega?"

Wanawake waliokuwa wakitazama wakacheka. Rosebella hakucheka. Mabega ya Nyongesa yakainuka, yakashika mdundo, na mikono ikatulia ubavuni.

"Mama," akasema kwa sauti iliyokauka, "wewe ndiye unayechelewa."

Mpalizi hakushangilia. Aliongeza kasi, kwa sababu Jumatatu ilikuwa kesho, na mikono ile ilipaswa kukamua.