Upande wa Kushoto wa Kitabu

Filumena muuza zeituni tumemzika jana, na waliomlilia kwa sauti kubwa ni walewale waliokuwa wakimkwepa pale darajani alipouzia, akiwa hai. Mimi nimekaa naye ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa. Nitaeleza alivyokuwa, si walivyompamba makaburini.

Wazazi wake walikuja hapa mjini Lugduno kutoka Asia na biashara ya mafuta. Enzi hizo mtaa wetu wote ulisema Kigiriki. Wazee wakafa, watoto wakaoa Walatini, wakaingia Waburgundi, wale wanaojipaka siagi nywelini, na mwishowe Filumena akabaki peke yake. Lugha ya baba yake akawa anaisikia mahali pamoja tu: kanisani, katika kile kitabu kikubwa cha Injili kilichoandikwa kwenye ngozi. Kushoto Kigiriki, kulia Kilatini, mistari mifupi inayotazamana. Msomaji husoma mstari wa kushoto, huvuta pumzi, kisha husoma mwenzake wa kulia. Sisi wengine, zamu ya kushoto ilikuwa ya kukohoa na kuwafuta watoto kamasi. Filumena alifumba macho. Herufi hakujua hata moja, ila masikio alikuwa nayo.

Msomaji wetu, Venanti, alikuwa mtu mwembamba mwenye haya. Kigiriki hakukielewa; alifundishwa kutamka herufi tu, na aliyemtangulia. Filumena hakumpa nafasi ya kupumua.

"Karibu, baba msomaji. Jumapili ulikuwa na uji wa moto mdomoni?"

"Nipimie zeituni, mama."

"Nakupimia. Ila kokwa uteme kabla hujapanda kusoma."

Wateja wakacheka. Venanti naye akacheka, masikio yamemwiva.

Basi ikaja Ijumaa Kuu moja. Husomwa pale Petro anapomkana Bwana. Kanisa limejaa, askofu amekaa kitini, na kwa wasiwasi jicho la Venanti likaruka mstari upande wa kushoto. Petro akawa anajibu kwa Kigiriki, ndipo kijakazi anamwuliza kwa Kilatini. Hakuna aliyejua, isipokuwa mmoja. Kicheko kikatoka upande wa wanawake.

"Petro wa leo ana haraka," Filumena akasema, kanisa zima likasikia. "Anakana hata hajaulizwa."

Watu wakacheka, Ijumaa Kuu. Askofu akatazama sakafu. Venanti akamalizia kwa Kilatini peke yake, na Jumapili iliyofuata akasoma kulia tu. Na iliyofuata. Askofu akaliacha lipite; ibada ilikuwa imekuwa fupi, na nani asiyependa kuwahi chakula.

Filumena alidhani ni hasira za kupita. Nikamwambia, "Mama, nenda kamwombe radhi."

"Radhi ya nini? Niliongopa?"

"Hukuongopa. Nenda tu."

Alishupaa mpaka zabibu zikavunwa. Hapo akachukua mtungi wa zeituni nzuri, zile asizomuuzia mtu, akaenda. Venanti alimpokea vizuri mlangoni.

"Upande ule nilikuwa nakusomea wewe, mama," akamwambia. "Nilijua ni wewe tu unayesikia."

"Basi nisomee."

"Nimejaribu. Nikiangalia kushoto nasikia watu wanacheka."

Alirudi akapita mlangoni kwangu bila utani. Kwa hilo nilijua mambo yameharibika. Baridi ilipokaza, kifua kikamwondoa Venanti. Mrithi wake, Elafio, alikuwa amefundishwa upande wa kulia tu. Wa kushoto, nani angemfundisha?

Huyu Elafio ana moyo mwema. Siku moja baada ya ibada, watu wametawanyika, alimwita Filumena kitabuni. "Mimi nasoma cha kwangu, wewe sema cha kwako kwa kumbukumbu. Huenda nikakishika." Wakaanza. Yeye mstari, Filumena mstari. Palipokuwa pakisomwa kila mwaka palikwenda vizuri. Kisha wakafika pasiposomwa mara nyingi, Filumena akakwama.

"Endelea, mama."

"Kimeishia hapo."

"Hakijaisha. Mbona nakiona kimeandikwa?"

"Hata mimi nakiona. Kinasemaje?"

Elafio akakifunga kitabu. Angeweza kugeuza Kilatini kiwe Kigiriki kwa maneno yake mwenyewe, Filumena aliniambia jioni ile akibangua lozi ambazo hakuzila, lakini yasingekuwa yale. "Yako palepale, Severa, chini ya kidole changu. Na aliyeweza kuyatoa nilimcheka."

Hakurudi tena kitabuni, na darajani hakumtania mteja hata mmoja. Watu wakasema uzee umemlainisha. Uzee gani.

Jana Elafio alimsomea kabla hatujambeba. Ilikuwa siku ya unyevu na ngozi za kitabu zilikuwa zikijikunja. Alisoma kulia, kwa sauti nzuri, na muda wote kiganja chake kilikuwa kimeubana ukurasa wa kushoto usije ukainuka.