Uji Ambao Baba Hakuunywa

Tone, tone, kimya. Tone tena. Nilisikia maji yakidondoka nyuma ya ghala kabla sijafumbua macho, nikaruka kutoka kitandani kwa hasira. Mwaka ule Kathonzweni punda walitembea nusu siku kufuata maji, na aliyeacha mfereji wa pipa ukivuja alikuwa ametuibia sote. Nikatoka mbio kuufunga. Pipa lilikuwa kavu. Nyuma ya ghala nilimwona baba, amenipa mgongo, kiganja kimoja kimeegemea ukuta, kichwa kimeinama kama anayesali. Matone yalikuwa yake. Yaliangukia kipande cha bati kuukuu, yakasita, yakaanza tena, naye akasimama akiyangoja kama sisi wote tulivyokuwa tukingoja mvua.

Nilirudi ndani nikinyata. Kwetu kijana hamuulizi baba yake habari za chini ya mshipi.

Tangu hapo nikawa naona. Kanisani, alikokuwa shemasi, alihama benchi la mbele akakaa karibu na mlango. Alitoka, akarudi, na kabla wimbo haujaisha akatoka tena, kana kwamba amesahau kitu huko nje. Kisha akaacha kunywa. Chai aliigusa kwa midomo tu, maji akayapisha. Nadhani aliamini kwamba asipoingiza kitu hatakuwa na cha kutoa. Midomo yake ikapasuka kama shamba letu.

Katika hali hiyo tulivuka mto Athi kwenda Ikutha, kupeleka mbuzi kwa kina msichana niliyetaka kumwoa. Tulikuwa mimi, baba, na baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu.

"Mbuzi wenu wamekonda," baba wa msichana alitupokea akicheka. "Huko Kathonzweni mnawalisha mahubiri?"

"Wamekonda kwa mapenzi," baba mdogo akajibu. "Hebu mtazame kijana mwenyewe!"

Tukacheka wote. Baba naye alicheka, magoti ameyabana.

Mama wa msichana akaleta uji wa mtama ndani ya kibuyu. Akauonja kwanza mbele ya macho yetu, ili wageni wajue hauna ubaya, kisha akampa baba. Baba akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda, akampa ndugu yake bila kukitia mdomoni.

Baba wa msichana akaacha kucheka.

"Mzee," baba wa msichana akasema polepole, "mke wangu ameonja. Ama mmesikia huku ng'ambo tunatilia watu dawa?"

"Nimeshiba, ndugu yangu."

"Umeshiba, na midomo imepasuka hivyo?"

Sababu niliijua, lakini haikuwa na mahali pa kusemewa. Kuna heshima ya wakwe tunayoiita nthoni. Mbele ya wakwe mtu hujificha hata uchovu wake. Njia ya kwenda chooni ilipita mlangoni pa jiko, ambapo mama yule alikaa na wanawake wenzake. Baba angeipita mara ngapi? Akakaa palepale, akibana, hadi kivuli cha nyumba kikafika miguuni pake. Tulipoaga, hakuna aliyetusindikiza.

Njiani kurudi, nje ya soko la Ikutha, baba aliingia kichakani. Hakikutoka kitu. Akasimama, akachuchumaa, akamwomba Mungu kwa Kikamba, kisha nikamsikia akilia. Tumbo lake chini ya kitovu lilikuwa gumu kama boga. Lori la ng'ombe ndilo lililotufikisha hospitali moja mjini Kitui.

Daktari alimwingiza mpira wa kutolea mkojo, beseni likajaa, na uso wa baba ukalegea kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Mzee, hii shida umekaa nayo tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi." Baba akainua kidole juu. "Daktari, mbele ya Mungu, mimi sijawahi kwenda kwa malaya."

Kumbe huo ndio mzigo aliokuwa akiuficha chini ya koti la ushemasi.

"Nani amesema malaya?" daktari akamwambia. "Huu si ugonjwa wa zinaa. Chini ya kibofu kuna tezi ndogo, na mkojo unapita katikati yake. Umri ukienda, tezi inavimba, inabana njia. Ndiyo maana mkojo unaanza kwa shida, unakatikakatika, nawe unatoka chooni na bado unaona hujamaliza. Kukataa maji hakupunguzi uvimbe, kunakukausha tu. Na kubana mchana kutwa, huenda ndiko kumefunga njia kabisa." Akasema wataipima ile tezi, kwa kuwa uvimbe mwingine huwa mbaya.

Mimi nilishika neno moja tu: jibu limepatikana. "Baba, niwaambie Ikutha. Wataelewa."

"Uwaambie nini? Kwamba nimefungwa mpira kule? Nitaketi vipi tena mbele ya mama yule?"

Siku chache baadaye msichana akaja wodini, peke yake, viatu vimejaa vumbi. Dereva wa lori ndiye aliyemwambia tuko wapi. Baba akavuta blanketi hadi likafunika mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia kando ya kitanda. Nami nikasogea, nikasimama mbele ya mfuko huo.

"Baba amesema mbuzi wenu warudishwe," msichana akasema. Kwetu mbuzi wakirudi, uchumba umekufa. "Nimemwomba angoje kidogo. Mama anauliza kitu kimoja tu: kwa nini uji wake ulikataliwa? Nipe neno, hata dogo, nitalibeba."

Nikamtazama baba. Alikuwa ameelekea ukutani. Nyuma ya magoti yangu, ndani ya mfuko, nilisikia: tone, tone, kimya.

"Mwambie," baba akasema, akiuambia ukuta, "sikuwa na kiu."

Msichana hakuondoa macho yake kwangu.

"Umesikia," nikasema.

Akaifunga leso yake upya kichwani. Akamtakia baba nafuu bila kumtazama usoni, kama mkwe anavyopaswa, akatoka. Mlango wa wodi ulikuwa na springi; ukajifunga wenyewe nyuma yake.