Wewe ni Mikono Tu

Waliniajiri hospitali kwa sababu ya mikono. Nilikuwa kijana wa milima ya Masisi, mtu wa kumwangusha fahali kwa pembe, na siku zile Goma dawa ya usingizi ilikuwa haba. Waliitunza kwa wale wa kupasuliwa. Wengine walishonwa macho wazi, na mtu akishonwa, mimi namlalia asijitikise. Nimepigwa mateke, nimeng'atwa, mama mmoja wa Keshero alinivunja pua kwa kichwa chake, na sikumwachia. Nilijivuna kwa hilo, msinicheke.

Kila mtu alikuwa na kipande chake cha kazi. Bwana munganga, daktari Mzungu, alikata. Masera, mtawa wa kizungu, alitunza funguo na kufunga vidonda. Enfirmie, muuguzi mweusi mwenzangu mwenye diploma, alichoma sindano na kushona. Siku moja niligusa sindano aliyokwisha kuchemsha. Alinizaba kofi la mdomo hata damu ikatoka.

"Wewe ni mikono tu," akaniambia. "Kichwa ni mimi."

Nilimchukia siku ile, lakini neno lake lilinikaa.

Asubuhi moja walituletea papa mmoja, mzee wa kutoka Ndosho. Ng'ombe za jirani zilikula maharagwe yake, wakagombana, na panga likampata mkono wa kuume, chini kidogo ya kiwiko. Damu iliruka mpaka ukutani. Enfirmie alifunga mkanda wa mpira mkononi, juu ya kiwiko, akaukaza kwa kijiti mpaka damu ikakatika.

"Mushike," akasema. "Mutu asiguse huu mpira. Nasema mutu!"

Daktari alikuwa amekwenda Rutshuru, angerudi jioni.

Hapo hapo ndugu za yule jirani wakafika kummaliza. Walikuwa watatu, na fimbo na mapanga. Enfirmie alitoka kuwazuia mlangoni, maskini, na koti lake jeupe. Nilisikia fimbo ikimpata kichwani, pwaa, kama mtu anapasua boga. Akaanguka. Mmoja akaruka juu yake akaingia kwetu. Nilimpiga kiti cha chuma usoni, nikampiga tena alipokwisha kuanguka, na sitasema uongo, nilifurahi. Watu waliokuja kuangalia wagonjwa wao wakaokota mawe uani, wakawafukuza wale wawili, na huyu wa tatu wakamburuta nje kwa miguu.

Masera alimpeleka enfirmie chumba cha pili, akabaki naye, maana alikuwa hapumui vizuri. Mimi nikarudi kwenye kazi yangu.

Mwanzo yule papa alinitukana, mimi na ukoo wangu wote. Baadaye akaanza kuomba. "Mutoto yangu, legeza kidogo. Mukono unakufa." Nikamwambia anyamaze. Akageuza kichwa aukate mpira kwa meno. Nikampiga ngumi ya taya. Akajaribu tena. Nikampiga tena, mpaka jino likatoka.

"Nakuokoa, mujinga wewe!" nilimfokea.

Na nilijua! Hilo ndilo linaniuma hata leo. Mara ngapi nilimwona enfirmie, kila baada ya muda mfupi, akilegeza mpira wa namna ile, akiacha damu ipite kidogo, akikaza tena? Niliona kwa macho yangu haya. Lakini kulegeza ilikuwa kazi ya kichwa, na mimi nilikuwa mikono.

Mchana masera alichungulia mlangoni, mavazi yake yamejaa damu ya enfirmie. Mkono ulikuwa chini ya blanketi.

"Enfirmie aliacha kila kitu sawa?" akauliza.

"Ndiyo, masera."

Akarudi kwa mgonjwa wake. Yeye alidhani enfirmie amekwisha kumaliza kazi. Mimi nilidhani, kwa kuwa masera amepita, basi ameona. Ayii, Mungu wangu, neno moja tu, "mpira", nilikuwa nalo mdomoni, na nililimeza.

Jioni, kule chumba cha pili, enfirmie alifumbua macho. Hakuuliza habari ya kichwa chake. Aliuliza, "Nani amelegeza mpira?" Masera alikuja mbio, akafunua blanketi. Vidole vilikuwa vyeusi, na baridi.

Daktari aliporudi alisema mkono utoke. Safari hii dawa ya usingizi ilikuwepo, lakini hata mwenye kuivuta hupigana kabla hajalala, kwa hiyo daktari aliniambia, "Shika." Nikamlalia yule papa kama siku zote. Hakupigana. Alinitazama kwa uso niliouvimbisha mimi mwenyewe, akasema polepole:

"Niachie, mutoto yangu. Sasa hakuna tena kitu ya kulegeza."

Nikamwachia. Nikasimama pale mbele yao wote, sijui mikono niiweke wapi.