Mrija wa Limbuko

Shangazi yangu alipokata na kuuza miti yake kule Kifanya na kununua mashine ya kutengeneza mirija ya karatasi, wazo lilikuwa langu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesoma mambo ya mazingira, niko nyumbani Njombe nikiandika barua za kuomba kazi na kuzirekebisha hadi nafasi zenyewe zinajazwa. Siku moja mezani nikasema, kupitisha muda tu, kwamba mirija ya plastiki haina maisha marefu, na atakayeanza na ya karatasi atakuwa ametangulia. Sikujua kuna mtu anasikiliza. Kwa kawaida watu hawanisikilizi, ndiyo maana huongea kwa uhuru.

Mashine ikashushwa Makambako, nyumbani kwa shangazi kule Lyamkena, ikawekwa kwenye banda lililokuwa la viazi. Nami nikaitwa kuiendesha.

Kazi yake inaeleweka hata kwa kuitazama. Nyuma kuna rola tatu za karatasi. Tepe zake zinapita kwenye gundi, zinajiviringisha kwenye chuma chembamba, mkanda unazikaza, na mbele unatoka mrija mmoja usio na mwisho, ukizunguka taratibu, hadi visu vinapoukata vipande. Nilisoma maelekezo yake mpaka nikayakariri. Kuna mahali yalisema kitufe chekundu kibonyezwe wakati wa dharura tu. Hayakusema dharura ni nini. Hilo lilinikosesha usingizi.

Siku ya kuwasha, shangazi aliomba, kisha akaja jirani yetu. Huyu ni mdogo wake marehemu mume wa shangazi, kwa hiyo ni shemeji yake, na kati yao siku haipiti bila utani. Kanisani kwetu ndiye anayepuliza tarumbeta kubwa kuliko yote, lile la kuvaa begani. Ana mashavu ya kazi hiyo.

"Washa, msomi, tuone kama miti yetu imekufa kwa faida."

Nikawasha kwa mwendo mdogo kabisa. Mrija ukachomoza, mweupe, umenyooka. Shangazi akapiga vigelegele. Mrija ukaendelea kuja. Ukapita visu bila visu kushtuka.

"Mbona haukatiki?" shangazi akauliza.

"Utakatika," nikasema. "Nadhani visu vinapata moto kwanza."

Jirani akaushika ncha usiguse chini, akaanza kurudi nyumanyuma, mrija ukizunguka viganjani mwake. Mimi nilisimama mbele ya kitufe chekundu nikijiuliza kama hii ni dharura. Hakuna aliyeumia. Hakuna moshi. Lakini je, dharura lazima iwe na moshi?

"Msomi, nimefika mlangoni!"

"Sawa, mzee!"

"Nimefika kwenye kichanja cha vyombo!"

"Sawa!"

"Msomi, sasa naingia kwangu. Niweke chai?"

Shangazi alinipita, akachomoa waya ukutani. Mashine ikazimika. Mrija ulikuwa umetoka bandani, umepita uwanja wote, na ncha yake ilikuwa kwa jirani. Nikatafuta mkasi niukate vipande haraka kabla watu hawajajaa.

"Usiuguse," shangazi akasema. "Huo ni limbuko."

Sikuwa nimeliwaza hilo, mimi niliyewaza kila kitu. Kwa shangazi, mahindi ya kwanza ni ya kanisa, yai la kwanza la mtetea ni la kanisa, na limbuko halichaguliwi wala halipunguzwi. Kilichotangulia kutoka ndicho kinachokwenda, kama kilivyo. Alichukua kisu, akauachanisha mrija na mashine pale ulipochomozea, kwa uangalifu wa mkunga, tukautundika ukutani juu ya misumari ukauke.

Kesho yake niligundua kwamba visu vina swichi yao. Iko ubavuni, ina rangi ya kijani. Nikamwambia shangazi kwamba sasa tunaweza kutoa mirija ya kawaida, mizuri, tupeleke hiyo.

"Mashine haitawaka mpaka limbuko lifike," alisema. "Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Mrija ukifika mzima mbele ya madhabahu, mashine inabaki. Ukivunjika, nimejibiwa. Naiuza, nanunua miche, narudi Kifanya."

"Kwa upepo huu wa Makambako?" jirani alisema kutoka ng'ambo ya uzio. "Shemeji, anza kuchimba mashimo ya miche."

Nilijua kinachoweza kutokea. Shangazi angerudi kupanda miti kwa umri ule, kwa sababu ya sentensi niliyoitoa nikiwa natafuna. Basi Jumamosi nikakata mwanzi wenye urefu sawa na mrija, nikaubeba peke yangu hadi kanisani kupima kona. Mama mmoja niliyekutana naye njiani alisimama akanitazama.

"Kamwene, mwanangu. Mwanzi wote huo, unakwenda kugema pombe ya ulanzi kanisani?"

"Hapana, mama. Ni mazoezi."

Akaniombea baraka, akaharakisha.

Kona zote zilipitika isipokuwa ya mwisho. Mlango wa kanisa una kibaraza chenye ukuta, unaingia kwa kupinda, na mwanzi wangu uligoma kabisa. Nikazunguka jengo. Upande wa kwaya kuna dirisha linalotazamana na madhabahu moja kwa moja. Nikamwomba mtunza kanisa aliache wazi asubuhi. Akakubali bila kuuliza, na hilo likaniongezea wasiwasi.

Jumapili upepo uliamka kabla yetu. Nilishika mbele, shangazi katikati, na kati yetu hadi nyuma wakajipanga akina mama wa kwaya, kila mmoja ameshika kwa vidole viwili na mkono wa pili ametandaza kitenge upande wa upepo. Tulitembea kama watu wanaopitisha mgonjwa. Kwa fundi baiskeli upepo ukavuma, mrija ukatetemeka wote, ukatoa sauti kama nyuki. Tukasimama. Ukatulia. Jirani alitufuata nyuma na tarumbeta lake, ameficha mdomo kwa skafu, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Niliwaza mlango, niliwaza dirisha, niliwaza hata mbwa. Sikuwaza kumwarifu mchungaji. Tulipofika alikuwa katika maombi, macho amefumba, na washarika wote wameinama. Mrija ukaanza kuingia dirishani, juu ya vichwa vya kwaya, polepole. Watoto ndio walioona kwanza, maana watoto hawafumbi. Mchungaji aliposema amina na kufumbua macho, ncha ilikuwa imefika usawa wa miwani yake. Aliitazama. Ikasogea kidogo. Akarudi hatua moja akasema amina ya pili.

Hapo ndipo upepo ulipoisukuma sehemu iliyobaki nje. Mrija ukagonga fremu ya dirisha, nikasikia tk.

Ulikuwa umejikunja sehemu moja, mkunjo mdogo, upana wa kucha. Ibada nzima sikusikia neno. Nilikuwa najiuliza kama kujikunja ni kuvunjika, na kama si kuvunjika, ni nini.

Baada ya ibada, sadaka za mavuno zilipokuwa zikipigwa mnada uwanjani, mrija nao umetolewa tena dirishani, jirani hakupoteza muda.

"Umevunjika, shemeji. Nimeusikia mimi, na sikio langu ni la muziki."

"Umejikunja tu."

"Kama ni mzima, unywewe."

Shangazi aliugusa mkunjo kwa kidole. Kisha akasema, "Haya. Ununue, uunywee. Mrija ukipitisha hewa pale kwenye mkunjo, nitauza mashine. Ukifikisha soda, wewe utafunga mdomo."

Mnada ulikuwa mfupi. Alishindana naye mama mmoja tu, aliyetaka kuinulia antena. Jirani akaupata. Wanakwaya wakaushika tena kwa mstari, mimi nikapiga magoti upande wa chini nimeshika chupa ya soda ya machungwa, na yeye upande ule mwingine akavua skafu, akatanua mashavu.

Akavuta. Soda ikashuka chupani. Akavuta tena, macho yakamtoka, shingo ikavimba. Soda ikashuka hadi karibu na kitako cha chupa, na yeye bado hajapata tone, kwa kuwa yote ilikuwa njiani, ndani ya karatasi, mahali fulani kati yangu na mkunjo. Hata jogoo wa mnada aliacha kulalamika. Shangazi hakumtazama jirani wala chupa. Aliutazama ule mkunjo.

Halafu koo la jirani likapanda, likashuka.

Angeweza kudanganya. Angeweza kutema hewa akasema hakuna kitu, na nani angebisha? Lakini akameza mara ya pili, akajifuta mdomo.

"Ina ladha ya gundi," alisema.

"Lakini umekunywa," shangazi akasema.

"Nimekunywa, shemeji. Ina gundi."

Shangazi akanigeukia, mimi nikiwa bado nimepiga magoti na chupa tupu mkononi.

"Kesho unawasha asubuhi. Ile swichi ya kijani unaijua?"

Nilisema naijua. Usiku huo nilikwenda bandani mara mbili kuhakikisha kwamba bado ni ya kijani.