Waliomkeshea Tak Pansu

Maisha yake yote ya ndoa Go Malsun aliamka alfajiri kusaga soya na mumewe, Tak Pansu, wakiuza tofu, jibini ya maziwa ya soya, katika mji mdogo wa Korea. Pansu alikuwa mkavu wa maneno, hana rafiki, na Malsun aliogopa kwamba siku mumewe akifa ukumbi wa msiba utabaki mtupu. Aibu hiyo kule haifutiki.

Lakini alipokufa, watengeneza tofu wote wa wilaya, walewale waliomnyang'anya wateja, walikuja wakakesha kama desturi inavyotaka, wakila supu ya nyama na kucheza karata. Malsun aliwasikia wakicheka chumba cha pili, akashukuru kwa machozi.

Wiki iliyofuata bei ya tofu ikapanda wilaya nzima, asubuhi moja, kwa kiasi kilekile. Tume ya ushindani, inayokataza wauzaji kupanga bei pamoja, ikafungua kesi, ingawa hakuna aliyewasikia wakipatana.

Bong, mkubwa wao, akamjia Malsun na kapu la matunda.

"Shemeji, tume wakikuuliza, sema tuliinamia picha ya marehemu tukaondoka. Basi."

"Mlikaa mpaka asubuhi. Unataka nimnyime mume wangu msiba wake?"

"Jamani, aliyekufa atajuaje?"

"Nitajua mimi. Na matunda yako beba."

Mbele ya baraza la tume Malsun alijibu kidevu juu. "Walikaa wote, mpaka jeneza linatoka!"

"Sasa kuhani msiba ni kosa?" wakili wa kina Bong akadakia.

"Kukutana tu si kosa," afisa wa tume alisema. "Bei kufanana tu si kosa pia, mtu anaweza kumwiga jirani. Ila hawa wamekutana, bei zikapanda pamoja, na bei ya soya ndiyo kwanza imeshuka. Tupeni maelezo mengine."

"Maelezo si hayo?" Malsun alisimama. "Mume wangu alikufa! Walikuja kumlilia!"

Afisa akashusha sauti. "Mama, mzee aliugua muda mrefu?"

"Majira yote ya baridi."

"Kati ya hawa, nani alikuja kumjulia hali?"

Malsun akawageukia, akitafuta hata mmoja wa kumtaja. Alipita uso kwa uso. Bong alikuwa anatazama viatu vyake. Moyo ukamvunjika palepale, mbele za watu, zaidi ya ulivyovunjika siku ya mazishi.

"Hakuna," alisema, na hilo nalo likaandikwa.