Kikombe cha Mpishi

Niko kwa duka la vyombo hapa Siakago, nikichagua upawa wa kupakulia chakula kwa hoteli yangu ndogo. Harufu ya githeri, mahindi na maharagwe, inaingia kutoka kwa jirani, na mara niko tena kwenye foleni ya shule.

Mpishi alikuwa mama yangu. Nilikuwa nikisimama wa mwisho kabisa, ili mtu asiseme napendelewa. Siku hiyo mwalimu alikuwa ameleta upawa mpya, mkubwa. Watoto wa mbele waliondoka na sahani zimejaa hadi pomoni, nami nikasikia upawa ukikwaruza sufuria. Machozi yakaanza kunilenga.

Mama akainua macho, akaitazama foleni mpaka nyuma. Akauweka upawa chini, akachukua kikombe chake cha chai.

"Mbona umeuacha?" mwalimu akauliza.

"Huu hauoni wale wa nyuma, mwalimu."

Nilipofika alinipimia kikombe kimoja, sawa na aliyenitangulia. Sufuria ikabaki tupu. Nilikaa kwa nyasi nikala polepole, haragwe moja moja.

"Mathe, utachukua huo?" muuzaji ananiuliza.

Namrudishia upawa.

"Nionyeshe vikombe."